Tulichanja kwa Amri, Wao Wanachanja kwa Hesabu

Sisi tuliosomea mifugo Tengeru na Mpwapwa miaka ya 1970 tulitoka chuoni na imani ambayo hakuna mwalimu aliyeiandika ubaoni, lakini kila mmoja wetu aliishika: mfugaji hachanji mpaka asukumwe. Tulipangiwa vituo, tukapewa boksi la barafu, sindano za chuma za kuchemsha na barua ya wilaya yenye mhuri. Kazi kubwa ilifanywa na ile barua. Balozi wa nyumba kumi aliisoma, wazee wakaisikia, na siku iliyotajwa ng'ombe wakasogezwa joshoni. Asiyeleta alitozwa faini. Jioni tuliandika idadi kwenye daftari, tukaipeleka wilayani, wilaya ikaipeleka mkoani.

Nimestaafu siku nyingi sasa, naishi chini ya Mlima Meru. Watoto na wajukuu wa wafugaji wale wa Monduli, Longido na Simanjiro hunipigia simu kuuliza chanjo ya ndigana kali inapatikana kwa nani, na kama mtungi wa daktari fulani umejazwa nitrojeni ya kuihifadhi. Hakuna anayewasukuma. Wanatoa fedha zao wenyewe, na chanjo hiyo si ya bei ndogo. Kwa rika langu jambo hili lingekuwa ndoto. Nimelitafakari sana, nikijiuliza ni nani aliyebadilika kati ya watatu: mfugaji, chanjo, au sisi tuliokuwa tukimfuata na sindano. Na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba aliyebadilika kidogo kuliko wote ni mfugaji.

Barua ile ilikuwa na historia yake, na wafugaji waliijua kuliko sisi tulioibeba. Usukumani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kupunguza ng'ombe wao kwa hoja kwamba ardhi imechoka. Mifugo ilihesabiwa, idadi ikawekwa, waliozidi wakauzwa. Kodi nayo ilifuata idadi, na hata baada ya uhuru kodi ya mifugo iliendelea miaka mingi. Mtu aliyekulia katika boma lenye kumbukumbu hizo akimwona bwana mifugo ameshika sindano mkono mmoja na daftari mkono wa pili, analitazama daftari. Ndiyo maana tulikuta mazizi yenye ng'ombe nusu, na nusu nyingine imevushwa korongo usiku. Wakubwa wetu waliliita jambo hilo ujinga, na kwenye ripoti za wakati ule neno hilo liliandikwa kwa wepesi mno. Mimi naona ilikuwa akili ya mtu anayelinda mali yake asitendwe tena alivyotendwa baba yake.

Ulikuwepo ugonjwa mmoja ambao haukuhitaji barua. Ni sotoka, Wamasai wanauita olodua. Uliingia barani kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na ilipofika 1891 ulikuwa umeshateketeza mazizi ya nchi hii. Sehemu nyingine walibaki ng'ombe mmoja katika kumi, pengine hakubaki hata mmoja. Ukafuatwa na ndui na njaa. Wamasai wana jina la kipindi kile, Emutai, na msafiri Oscar Baumann aliyepita Ngorongoro mwaka 1892 aliandika juu ya watu aliowakuta wamebaki mifupa, wakiokota chochote cha kutia mdomoni. Wazee niliowakuta nilipoanza kazi walikuwa wajukuu wa walionusurika. Wengi hawakuwa wameiona Emutai, lakini walilelewa ndani ya hadithi zake, na hadithi hizo zilikuwa na majina ya watu, majina ya ng'ombe, na mahali mifupa ilipolala.

Chanjo ya sotoka tuliyoitumia ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, kazi waliyoianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Sindano moja ilimlinda ng'ombe maisha yake yote. Sotoka iliporudi kaskazini mwa Tanzania mwaka 1982, nyati wa Serengeti wakafa, na habari ikafika mabomani kabla yetu. Siku zile watu walileta ng'ombe wenyewe, wakapanga foleni wenyewe, vijana wakawashika ng'ombe pembe na mikia pale pasipokuwa na kibanio. Giza liliingia tukawasha taa za gari, tukaendelea. Hakuna aliyetozwa faini. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetoweka, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui, na naona fahari kuwa mmoja wa maelfu waliochoma zile sindano.

Lakini ushindi ule ulikuja na jambo ambalo sikulitegemea. Kijana wa Longido mwenye miaka 25 hajawahi kuona ng'ombe wa sotoka, macho yakitoka uchafu, mdomo umeoza, tumbo likimwagika. Hajawahi kusikia ile harufu. Hofu iliyowafundisha babu zake haipo tena, na haipo kwa sababu chanjo ilifanya kazi yake. Basi ukitaka kizazi hiki kichanje, hofu ya zamani haikusaidii, na amri imechakaa. Lazima ujue wanapima kwa mizani gani.

Mizani hiyo haikuzaliwa na simu za mkononi. Wafugaji walikuwa nayo tangu zamani, sisi tu ndio hatukuiona. Wamasai walijua, kabla ya maabara kuthibitisha, kwamba nyumbu wakizaa uwandani ng'ombe aondolewe haraka, maana homa inayotoka huko haina tiba. Afrika Magharibi Wafulani walikuwa wakichukua kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa kwa homa ya mapafu na kukipachika chini ya ngozi ya pua ya ng'ombe mzima ili apate kinga. Watu wanaofanya hivyo hawahitaji kufundishwa kwamba kinga ipo. Wanachotaka kujua ni kama kinga yako wewe, uliyokuja nayo kwenye boksi, inakinga kweli.

Na mara nyingi haikukinga, au ilikinga kwa gharama waliyoiona wao na hatukuiona sisi. Chukua hiyo homa ya mapafu. Ilikuwa imetoweka nchini miaka mingi, ikarudi mwaka 1990 kupitia mpaka wa kaskazini. Chanjo yake ilichomwa kwenye ncha ya mkia. Ng'ombe wengine mkia ulivimba, ukaoza, ukakatika. Mtu wa ofisini atasema mkia si kitu kama pafu limepona. Mfugaji anajua ng'ombe asiye na mkia hafukuzi nzi, anadhoofu, na mnadani anauliziwa ana ugonjwa gani. Tena aliyechoma sindano alishaondoka, hayupo wa kuulizwa. Mwaka uliofuata gari la mifugo lilipoonekana kwa mbali, kundi liligeuzwa kuelekea porini.

Kulikuwa na joto pia. Chanjo nyingi zikikaa nje ya ubaridi hufa, na chupa iliyokufa haina alama, maji yake ni yaleyale. Barafu iliyeyuka njiani, gari likakwama mchangani, chanjo ikachomwa kesho yake kwa sababu idadi ilikuwa imeshapangwa. Ng'ombe akachanjwa, akaugua, akafa. Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa mfugaji yule neno chanjo lilikuwa limekwisha thamani, na huwezi kumlaumu.

Sasa nije kwenye ndigana kali, ambayo Wamasai wanaiita oltikana, kwa sababu hapo ndipo nilipoona hiari ya kweli.

Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha masikioni. Ndama huanza kuvimba tezi chini ya sikio. Homa inapanda, anaacha kunyonya, macho yanatanda ukungu, anakohoa. Mwishoni mapafu hujaa maji na povu jeupe linatoka puani. Wiki mbili au tatu, amekwisha. Miaka ya 1970 tulipambana na kupe kwa majosho. Mradi wa mifugo na malisho wa Umasaini uliofadhiliwa na Marekani ulijenga majosho mengi, na serikali ililipia dawa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 dawa ikaadimika. Baadaye serikali ikaacha kulipia, huduma zikabinafsishwa, na majosho yakabaki magofu yenye maji ya mvua na vyura. Ndama wakaanza kufa kwa wingi. Nilifika kwenye maboma ambayo kati ya ndama kumi waliozaliwa ungewakuta watatu wamefikisha mwaka.

Anayeishi mjini anahesabu ndama kama ng'ombe wa kesho. Bomani ndama ni maziwa ya leo. Ng'ombe wetu wa asili hashushi maziwa kama ndama wake hayupo. Mwanamke humwachia ndama anyonye kidogo, anamtoa, anakamua, anamrudisha. Ndama akifa, chuchu zinakauka, na watoto wa nyumba ile wanakunywa chai ya rangi. Wengine hujaza majani kwenye ngozi ya ndama aliyekufa na kuisimamisha mbele ya mama yake ili ainuse, ashushe maziwa. Nimeyaona hayo, na ukiyaona unaelewa kwa nini wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza habari ya chanjo ya oltikana, kabla ya waume zao waliokuwa wakizungumza bei ya madume.

Chanjo yenyewe ilibuniwa Muguga palepale, miaka ya 1970, katika taasisi ya utafiti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haifanani na chanjo nyingine. Unamtia ndama vijidudu hai vya ndigana, vya aina tatu vilivyochanganywa, na papo hapo unamchoma oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili ugonjwa usimshinde. Anaugua kwa siri, anapona, na kinga inabaki naye kwa miaka. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na chanjo ikakaa muda mrefu bila mwenyewe wa kuipigania. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari binafsi walianza kuipeleka kwa wafugaji wa kaskazini, nikawa nafuatana nao.

Siku ya kuchanja ni siku ya shughuli. Mtungi wa nitrojeni unashushwa kwenye gari kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, unafunguliwa, moshi mweupe wa baridi unamwagika ukingoni na watoto wanarudi nyuma. Mrija mwembamba unatolewa, unayeyushwa, unachanganywa na maji yake. Kuanzia hapo una saa chache tu, na mrija mmoja unatosha ndama kama 40. Huwezi kuufungua kwa ajili ya ndama watano. Vijana wanamlaza ndama, mmoja ameshika kichwa, mwingine mguu wa nyuma. Sindano ya kwanza chini ya sikio, ya pili kwenye msuli, halafu kibanio cha hereni kinalia, ndama anaruka na kukimbilia kwa mama yake akiwa na kipande cha plastiki sikioni.

Siku moja mzee wa boma moja Longido alimsimamisha daktari niliyefuatana naye kabla mtungi haujafunguliwa.

"Daktari, nimesikia unamtia ndama oltikana. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Namtia kidogo, na dawa yake juu yake."

Akanyamaza, akachora chini kwa fimbo. "Basi chanja hawa watano. Hawa wengine nitakupa nikikuona tena."

Ilibidi majirani wakusanye ndama wao ili mrija usipotee. Mzee aliwachagua watano kwa makini: wawili wa ng'ombe wenye maziwa mengi, watatu wa kawaida. Waliobaki aliwafuga nao zizi moja, chini ya kupe walewale. Baada ya wiki tatu daktari alirudi, akapapasa tezi, akapima homa, mmoja aliyekuwa na joto akamtibu bila kudai malipo. Mvua zilipokwisha mzee alikuwa ameshajibiwa na zizi lake. Mtafiti wa chuo kikuu angehitaji andiko na wafadhili kufanya alichofanya yeye kwa ndama watano na fimbo ya kuchorea chini. Msimu uliofuata alichanja wote, na maboma yote ya ukoo wake yakachanja pamoja naye, kwa sababu walikuwa wameangalia wote.

Nimeona jambo hilo likijirudia Monduli na Simanjiro kwa sura tofauti. Mfugaji huanza na wachache. Anachagua ugonjwa anaoujua kwa jina na kwa sura, unaomwua mnyama mbele ya macho yake, si ugonjwa aliosomewa. Anaangalia kama mchanjaji atarudi. Mkutano wa hadhara na kipaza sauti haufikii nguvu ya ndama wa jirani aliyebaki hai.

Halafu soko likaongeza lake. Kwenye mnada wa Meserani na ule wa Longido wanunuzi walianza kuangalia masikio. Anayenunua mtamba kumpeleka kwenye milima yenye kupe wengi anaogopa atamfia mwezi wa kwanza. Mwenye hereni ya ndigana amekwisha kingwa, kwa hiyo anaongezewa bei. Hakuna aliyepanga kwamba kipande kile cha plastiki, kilichowekwa ili daktari asimchanje ndama mara mbili, kitakuwa hati ya mauzo. Kilipata heshima kwa sababu kilimwambia mnunuzi jambo la kweli, na jambo hilo lilimwingizia mwenye ng'ombe fedha. Vijana walilielewa haraka kuliko wazee. Wanatoa simu, wanapiga mahesabu: bei ya chanjo kwa kichwa, ndama wangapi hufa kwa msimu, mtamba mwenye hereni anaongezewa shilingi ngapi. Baba zao walifanya hesabu hiyohiyo kichwani bila namba.

Yako mambo yanayoniuma katika hiari hii. Ule mrija wa dozi 40 unampendelea mwenye kundi kubwa. Mjane mwenye ndama wanne anamsubiri jirani tajiri aamue, na jirani akihama kufuata malisho, ndama wa mjane wanabaki hivyo hivyo. Nimewaona wanawake wakikusanyana wenyewe, kila mmoja na wake wawili watatu, wakachanga nauli ya daktari. Hilo lingekuwa kazi ya afisa mifugo wa kata kulipanga, na mahali alipolipanga watu wengi walichanja kuliko mahali alipokaa ofisini akisubiri maombi.

Kwa kuku habari ni ileile, ila ndogo kwa gharama na kubwa kwa idadi ya watu. Kideri kinapoingia kijijini wakati wa kiangazi kinaweza kufagia kuku wote kwa wiki moja. Chanjo ya tone la jicho inayovumilia joto, iliyotokana na kirusi cha I-2 kilichofanyiwa kazi Queensland, Australia, ilikuja kutengenezwa hapa kwetu Temeke, na hivi leo kiwanda cha chanjo kiko Kibaha. Tone moja kila miezi mitatu au minne, na kwa bei ya yai moja unachanja kuku kadhaa. Wanaochanja ni akina mama, kwa sababu kuku ni wao na fedha yake ni ya madaftari ya watoto na chumvi, haipiti kwa mtu. Mama mmoja wa Babati alimwambia kijana mchanjaji aliyemwamkia na kuomba radhi kwa kuchelewa: "Marahaba, mwanangu. Usipokuja mwezi wa saba, usije wa tisa. Wa tisa sina kuku wa kukuonyesha." Kijana akaandika tarehe ukutani kwa mkaa, akaja. Pale mchanjaji anapokosa zamu moja, kinga inaisha, kideri kinapita, na lawama inaangukia chanjo.

Hadi hapa nimesifu hesabu ya mfugaji. Lakini nimeishi miaka ya kutosha kujua inapokomea.

Ugonjwa wa miguu na midomo hauui ng'ombe wazima wengi. Unawachechemeza, unakausha maziwa, wanapona. Virusi vyake ni vya aina nyingi, chanjo ya aina moja haizuii nyingine, na kinga hukaa kama miezi sita. Mfugaji akipiga hesabu anaona hailipi, na kwa zizi lake peke yake hakosei. Anayepata hasara kubwa ni nchi, inayofungiwa masoko ya nyama ya nje. Au chukua kichaa cha mbwa. Mbwa hana bei mnadani. Katika wilaya zinazopakana na Serengeti, chanjo ya mbwa ikiwa bure watoto huwaleta kwa kamba, msururu mrefu, wengine wamewabeba mabegani. Ukidai malipo msururu unakatika. Na ili kukomesha kichaa unahitaji mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Anayekufa kwa kichaa mara nyingi ni mtoto wa jirani, hayumo katika hesabu ya mwenye mbwa.

Kwa hiyo wanaosema hiari inatosha kila mahali, sikubaliani nao, na wanaotaka kurudisha faini na barua za mhuri, hao siwaungi mkono kamwe. Pale faida inapomwangukia mwenye mnyama, mwachie alipe na achague, kazi yako iwe kuleta chanjo nzima, kwa wakati, na kurudi. Pale faida inapowaangukia watu wengine, hao watu wengine ndio walipe, yaani hazina ya umma. Juni 2025 serikali ilizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya kuchanja na kutambua mifugo, ikabeba sehemu ya gharama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kuku wa asili wakachanjwa bure. Nimeipokea kwa moyo mweupe. Ninachokihofia ni hereni. Zoezi la hereni za kielektroniki la miaka michache nyuma lilizua malalamiko mpaka likafika bungeni, kwa sababu mfugaji alitakiwa kulipia kitu ambacho faida yake hakuiona, na kumbukumbu ya daftari ilikuwa bado hai. Hereni ya ndigana ilipendwa kwa sababu ilisema "huyu amekingwa". Hereni ya serikali nayo iseme hivyo, na mnunuzi mnadani aweze kuisoma akaiamini. Ikibaki namba ya kuhesabia tu, nusu ya zizi itavushwa korongo kama zamani.

Ugonjwa unaonikosesha usingizi zaidi ni homa ya bonde la ufa. Huja na mvua kubwa za El Niño, mayai ya mbu yaliyolala ardhini kwa miaka yakaamka. Ulikuja 1997 na 1998, ukarudi mwishoni mwa 2006. Mapema mwaka 2007 mbuzi, kondoo na ng'ombe walitupa mimba zizi zima kwa siku chache, na watu wakafa, Dodoma ikaumia kuliko mikoa mingine. Mabucha yalifungwa, minada ikafungwa, watu wakakimbilia samaki na maharage. Hapo kila mmoja aliitaka chanjo, na hapo ndipo ilipokuwa imechelewa, tena sindano inayotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine wakati virusi vimeshaingia kundini inaweza kuvisambaza. Miaka mitatu baadaye nilipowauliza wafugaji kama wangechanja kwa ajili ya mvua ijayo, waliniambia ugonjwa ule ulikwisha. Kijana aliyekuwa na miaka mitano wakati ule leo ana zizi lake. Simu yake haina namba ya kuingiza kwenye hesabu hii, kwa sababu hasara yake huja mara moja kwa miaka kumi, na mwaka inapokuja inachukua mifugo pamoja na mchungaji.

Sisi tulioshika vijusi vile kwa mikono, tukawazika watu ambao tulikuwa tumekula nao nyama wiki iliyotangulia, tunapungua. Nimewaambia maafisa mifugo vijana wa kata zetu watuite kwenye mikutano tungali na sauti, si kwa ajili ya kuwatisha watu, bali mfugaji asikie jambo hilo kwa mtu aliyelishuhudia, amuulize atakavyo. Na kwa ugonjwa huo sitamwambia kijana alipe kutoka mfukoni. Namwambia mkurugenzi wa halmashauri: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza El Niño, fedha ya chanjo iwe imetengwa na chanjo iwe jokofuni kabla ya mvua za vuli, na afisa mifugo apite boma kwa boma mwezi mmoja baada ya kuchanja, awaone wanyama aliowachoma sindano, ajibu atakayoulizwa.